Neno "Fahamu" na Kazi Tatu za Mwanasaikolojia

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa liliacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale inapolazimu. Tangu hapo wafasiri wameanza kuona mezani pao nyaraka ambazo zamani hazikuwafikia, na miongoni mwazo zimo taarifa zinazohusu hali ya akili ya mshtakiwa. Taarifa hizo zilikuwa zikiandikwa kwa Kiingereza, zikisomwa kwa Kiingereza na kujadiliwa kwa Kiingereza, na mtu ambaye habari zake ndizo zilizoandikwa akabaki ameketi kizimbani bila kujua limesemwa neno gani juu ya akili yake. Sasa atalisikia. Katika makala haya tunakusudia kuuliza atasikia nini.

Hapana budi kwanza tueleze kazi yenyewe. Mwanasaikolojia si daktari wa magonjwa ya akili. Daktari huyo amesomea utabibu, hutoa dawa, na katika Tanzania taarifa ya mahakama huandikwa na daktari msimamizi wa hospitali ya magonjwa ya akili. Mwanasaikolojia hutumia mazungumzo, mazoezi na vipimo vya maswali, karatasi na vipande vya mbao. Huweza kumtibu mtu kwa mazoezi ya kutuliza na kuelekeza mawazo, huweza kupima jinsi ubongo ulioumia unavyofanya kazi, tena huweza kutakiwa aeleze mbele ya sheria kama mtu fulani alikuwa na akili timamu. Kazi hizi tatu huweza kufanywa na mtu mmoja katika juma moja. Lugha ya Kiingereza imezitengea kila moja msamiati wake. Sisi tumezoea kuzihudumia zote kwa maneno machache yaleyale: akili, ubongo, fahamu, uchunguzi.

Tuchukue mfano, nao ni wa kubuni. Kijana mwendesha bodaboda aliteleza barabarani, akagonga kichwa katika ukingo wa daraja, akalala hospitalini siku tatu. Alipopona alirudi kazini, lakini wa nyumbani kwake wakaona amekuwa mwingine: mwepesi wa hasira, mgumu wa kulala, akitumwa vitu viwili huleta kimoja. Baada ya miezi minane aligombana na abiria kwa ajili ya shilingi mia tano, akampiga kwa nondo, abiria akaumia vibaya. Mama yake alipohojiwa alisema: "Mwanangu tangu aanguke hana fahamu."

Kila Mswahili anamwelewa mama huyu, na hapo ndipo taabu inapoanzia, maana kila mmoja anamwelewa kwa namna yake. Neno fahamu limetoka katika Kiarabu, ambako shina lake ni la kuelewa. Kwetu limepanuka. Kufahamu ni kuelewa, ni kujua, na kwa wengi ni kukumbuka pia: "Nakufahamu, wewe ni mtoto wa fulani." Tena mtu aliyezirai amepoteza fahamu. Mama alimaanisha lipi kati ya hayo? Yamkini alimaanisha yote kwa pamoja, naye ana haki hiyo, kwa kuwa yeye ni mama wala si mwandishi wa taarifa.

Katika wodi ya majeruhi neno hili halina ugomvi. Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow walitunga kipimo ambacho leo hutumika karibu kila mahali duniani: muuguzi hutazama kama majeruhi anafumbua macho, anajibu kwa maneno na anajongeza viungo, kisha hutoa alama kuanzia 3 hadi 15. Hicho ni kipimo cha fahamu kwa maana ya kuwa macho na kuitika. Kijana wetu alipotoka wodini alikuwa na alama zote 15. Kwa hiyo cheti chake cha hospitali kingeweza kuandikwa kwa haki kabisa kwamba "ana fahamu kamili", na cheti hicho kikiwekwa mbele ya hakimu pamoja na maneno ya mama, mmoja wao ataonekana mwongo.

Ndipo aje mwanasaikolojia kupima utendaji wa ubongo. Tunasema utendaji wa ubongo kwa makusudi. Wengi huandika "kipimo cha ubongo" tu, na jamaa wa mgonjwa wakisikia hivyo hungojea mashine na picha. Hakuna mashine hapa. Mpimaji husoma orodha ya maneno na kumtaka mtu ayarudie baada ya muda, humtaka anakili mchoro, ataje tarakimu kinyumenyume, aseme ndizi na chungwa zafanana nini. Kwa majibu hayo hupima kumbukumbu, uangalifu, lugha, na uwezo wa kupanga na kujizuia. Fani hii ilipata nguvu kubwa kwa kazi ya Alexander Luria, Mrusi aliyewashughulikia askari waliojeruhiwa kichwani katika Vita Kuu ya Pili, naye hakuridhika na kujumlisha alama, bali alitaka kuona mtu anakosea vipi.

Hapa mfasiri hukutana na jambo ambalo halimo katika kamusi yoyote. Kipimo hakitafsiriki kama barua. Tutazame jaribio mashuhuri la kuchora saa. Mpimwa huambiwa achore uso wa saa, atie tarakimu zote, kisha aweke akrabu zionyeshe wakati ambao Mwingereza huuita dakika kumi baada ya kumi na moja. Akrabu ndefu yapasa kuelekea kwenye 2. Mtego umo katika neno "kumi": mtu ambaye ubongo wake hauwezi kuuzuia mvuto wa neno alilolisikia huipeleka akrabu kwenye tarakimu 10. Sasa tuseme kwa Kiswahili: "saa tano na dakika kumi". Mitego imekuwa miwili. Akrabu fupi lazima iende kwenye 11 ilhali sikio limesikia tano. Mtu mzima wa afya hufanya hesabu hiyo kila siku bila kujijua, kwa sababu amezoea kusoma tano palipoandikwa 11. Lakini aliyeumia kichwa, akiipeleka akrabu fupi kwenye 5, je, amekosea kwa sababu ya jeraha lake, au kwa sababu tumemwongezea kazi ambayo mwenzake wa Uingereza hakupewa? Mfasiri aliyetafsiri sawasawa neno kwa neno ametengeneza kipimo kingine.

Hata tarakimu zenyewe si sawa. Kuanzia moja hadi tisa, tarakimu zetu zote zina silabi mbili. Za Kiingereza karibu zote zina silabi moja. N. C. Ellis na R. A. Hennelly walionyesha mwaka 1980 kwamba tarakimu za Kiwelishi huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa kuliko za Kiingereza, na kwa hiyo mtu yuleyule ajuaye lugha zote mbili hushika chache zaidi anapopimwa kwa Kiwelishi. Watoto wa Wales walikuwa wakionekana dhaifu wa kumbukumbu kumbe ni urefu wa maneno. Mwalimu wa Kiswahili anayeletewa jedwali la alama lililotungwa ng'ambo, atie alama na kuamua kwamba mtoto ni mzito, na akumbuke Wales.

Lipo jaribio jingine ambalo lingewafurahisha wanasarufi kama lisingekuwa na madhara. Mpimwa hupewa dakika moja ataje maneno mengi kadiri awezavyo yanayoanza na herufi fulani. Kwa Kiingereza herufi zitumikazo sana ni F, A na S. Mpe Mswahili herufi A: anakula, analala, anacheka, analia, na dakika itakwisha bado anaendelea, maana umempa kiambishi cha nafsi ya tatu. Mpe S: sitaki, sijui, siendi. Mtu akiona umekosea ukachagua K, utakuwa umemfungulia vitenzi vyote vya lugha, kuimba, kuoga, kulima, pamoja na ngeli nzima ya ki-. Herufi M nayo ina watu wote na miti yote. Herufi B au P au T ingefaa zaidi, lakini hata hapo lazima maelekezo yaseme wazi ni maneno gani yanahesabiwa. Hili si suala la daktari. Ni suala la sarufi, na wa kulijibu ni sisi.

Vipimo vya kijana wetu, tuseme, vilionyesha kwamba lugha yake haina dosari, kumbukumbu imepungua kidogo, ila uwezo wa kujizuia umeharibika sana. Hali kama hiyo inajulikana tangu zamani. Mwaka 1848, huko Vermont nchini Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alipenywa kichwani na chuma cha kushindilia baruti, kirefu kupita mita moja, kikaingia shavuni na kutokea utosini. Aliishi miaka kumi na moja na zaidi baada ya ajali hiyo. Alisema, alitembea, alikumbuka, lakini daktari wake aliandika kwamba tabia yake ilikuwa imegeuka. Ubongo wa mbele ya kichwa ukiumia, mtu aweza kujua na asiweze kuzuia. Kwa hiyo mwandishi wa taarifa akiandika juu ya kijana wetu kwamba "fahamu zake zimeathirika" ameficha jambo lenyewe. Aandike: uwezo wake wa kujizuia umeharibika, uelewa wake umebaki.

Tuhamie katika tiba. Kijana halali usingizi, na sonona imemrudia mara kwa mara. Mwanasaikolojia humshauri mazoezi ambayo kwa Kiingereza huitwa "mindfulness". Neno hilo la Kiingereza lenyewe ni tafsiri. Mwaka 1881 T. W. Rhys Davids, mtaalamu wa maandiko ya Kibuddha, alilichagua ili kufasiri neno la Kipali sati, ambalo nalo lina uhusiano na kukumbuka. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliyatoa mazoezi hayo katika mazingira ya dini, akayafanya mafunzo ya majuma manane kwa wagonjwa wa maumivu sugu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts. Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale (si yule wa Glasgow) waliyaunganisha na tiba ya mawazo ili kuzuia sonona isirudi, na utafiti wao wa mwaka 2000 ulionyesha manufaa kwa watu waliokwisha kupatwa nayo mara tatu au zaidi. Mtu huketi, akaelekeza moyo kwenye pumzi yake. Wazo likija halifukuzi wala halifuati, huliona likipita, akarudi kwenye pumzi.

Tuliite nini? Wapo wanaopendekeza "ufahamu". Baada ya yaliyotangulia msomaji ataona kwa nini tunalikataa. Wapo wasemao "tafakuri", nasi tunadhani hilo ni baya kuliko yote. Kwa Kiswahili mtu mwenye huzuni husemwa "ana mawazo". Hilo ndilo jina la ugonjwa wake katika kinywa cha jirani zake. Ukimwambia mtu huyo "funga macho, tafakari", umempa ruhusa ya kuendelea na kazi iliyomwangusha: atawaza deni, atawaza mke aliyeondoka, atawaza na kuwazua. Mazoezi haya yalitungwa ili kumwachisha hilo hasa. Neno "utulivu" nalo hutaja tunda na kuuacha mti. Mgonjwa asiyetulia atadhani ameshindwa, hali kuona kwamba hukutulia ni sehemu ya zoezi.

Kuna usemi mzuri wa watu wa pwani, kuhudhurisha moyo, yaani kuufanya moyo uwepo pale ulipo mwili. Kwa maana umefika shabaha kabisa. Lakini mahali pake ni katika sala, na anayeuhamishia zahanati aweza kumtia mgonjwa shaka kwamba anafundishwa ibada, iwe yake au ya wengine. Kwa hiyo tunaelekea kwenye "uzingativu", ingawa nao hauna usafi wote. Watumishi wa serikali wamelisoma neno zingatia katika nyaraka kiasi kwamba wakilisikia hutafuta kalamu: zingatieni maelekezo, zingatieni muda. Mtu aliyeketi akizingatia pumzi yake kwa woga wa kuvunja waraka hatapona.

Basi tunashauri hivi. Kitabuni na katika taarifa, liandikwe jina uzingativu. Kinywani, mbele ya mgonjwa, kitenzi kiwe kusikia. Kiswahili hapa kimepewa tunu ambayo Kiingereza hakina. Sisi twasikia sauti, twasikia baridi, twasikia njaa, harufu, maumivu na furaha, vyote kwa kitenzi kimoja, tena kisicholazimisha kufikiri. "Isikie pumzi inavyoingia" ni maelekezo kamili. Mkulima atayaelewa, na profesa pia, akipenda.

Sasa kijana yuko mahakamani, na hapa neno likikosewa halimpotezei mtu usingizi bali miaka. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika kifungu cha 12, humchukulia kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitike vinginevyo. Kifungu cha 13 ndicho kinachoeleza lini mtu hana dhima ya jinai, nacho hakisemi tu kwamba awe mgonjwa. Kinataka kwamba, wakati wa tendo, ugonjwa unaoathiri akili umemfanya asiweze kuelewa analolitenda, au asiweze kutambua kwamba hakupaswa kulitenda, au asiwe na udhibiti wa tendo lenyewe. Tafsiri hii ni yetu. Msomaji aviangalie vitenzi: kuelewa, kutambua, kudhibiti. Kwa kulinganisha, kanuni za Uingereza zilizotokana na kesi ya Daniel M'Naghten ya mwaka 1843 hutazama mambo ya kujua tu. La kudhibiti halimo.

Mtu anayefasiri vitenzi vyote vitatu kwa neno fahamu amefuta sheria. Maneno ya mama, "hana fahamu", yakipita hivyohivyo mpaka kwa wakili wa mashtaka, swali lake litakuwa jepesi: "Alikuwa amezirai? Basi nondo aliishikaje?" Watu watacheka, na hoja imekwisha. Ilhali vipimo vilisema wazi kwamba tatizo la kijana liko katika kitenzi cha tatu. Kama yalitosha kumwondolea dhima ni kazi ya mahakama kuamua, si ya mwanasaikolojia, na kwa hakika si ya mfasiri. Lakini mahakama haiwezi kuamua jambo ambalo halikufika mbele yake.

Wakati nao una istilahi zake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 hutenganisha maswali mawili ambayo huchanganywa daima: je, mshtakiwa leo aweza kujitetea, na je, siku ile alikuwa na akili timamu? Mtu aweza kuwa alichanganyikiwa siku ya tendo na leo amepona, au kinyume chake. "Utimamu wa akili" peke yake haujibu lolote. Tunapendekeza la leo liitwe uwezo wa kukabili shauri, na la siku ile liitwe dhima wakati wa tendo, na mwandishi aandike tarehe kila mara.

Hata hukumu yenyewe husikika vibaya. Mahakama ikiona kwamba mtu alitenda lakini kwa sababu ya wazimu hana hatia, hapelekwi nyumbani, bali huwekwa chini ya ulinzi au hospitalini. Mtaani watu husikia "hana hatia" na kunong'ona juu ya rushwa. Waingereza walipata taabu hiyohiyo: baada ya Roderick Maclean kumfyatulia Malkia Victoria risasi mwaka 1882 na kuonekana hana hatia, Malkia alighadhibika, na sheria ya mwaka 1883 ikabadili maneno yawe "ana hatia lakini ni mwendawazimu". Maneno hayo yalidumu mpaka mwaka 1964, ndipo yakarudishwa ya kwanza. Miaka themanini na moja kwa ajili ya sentensi moja. Karani anayesoma uamuzi huo kwa Kiswahili na atamke sehemu zote mbili, kwamba hana hatia na kwamba atawekwa wapi, bila kutua katikati.

Neno wazimu liachwe litumike pale tu linaponukuliwa kutoka katika sheria. Kichaa, punguani na taahira yasiingie kabisa katika taarifa. Washtakiwa hupelekwa Isanga, Dodoma, ilipo pia hospitali ya Mirembe, na sote twajua jinsi jina Mirembe lilivyogeuzwa tusi mitaani. Mwenye kuandika "ugonjwa unaoathiri akili" ameandika sawasawa na sheria, wala hakumtukana mtu.

Limebaki moja ambalo laonekana dogo. Mwanasaikolojia aliyemtibu mtu hutunza siri yake. Aliyetumwa na mahakama hana siri, maana atakayoyasikia atayaandika. Mtu aliye mahabusu huambiwa: "Utafanyiwa uchunguzi, kisha mahojiano." Maneno yote mawili ameyasikia kituo cha polisi, na yote mawili ameyasikia hospitalini. Atachagua lipi? Akidhani ni polisi, atanyamaza, na ukimya wake utaandikwa kuwa dalili. Akidhani ni hospitali, atafunua moyo wake wote. Hata neno shauri linamsaliti, kwa kuwa mshauri ni wa kumsaidia na shauri ni la kumshtaki. Tungependa fomu ya tathmini ianze kwa sentensi za wazi kama hizi, zisomwe kwa sauti kabla ya swali la kwanza: "Mimi si daktari wako wala si askari. Nimetumwa na mahakama. Utakayoniambia nitayaandika, na jaji atayasoma. Unaweza kukataa kujibu."

Kuhusu herufi ya kutumia katika jaribio la maneno ya dakika moja, walimu wa sarufi walio karibu na shule au zahanati wanaweza kutusaidia. Wajaribu B, P na T kwa watu wazima wa afya, wa rika na kisomo mbalimbali, na watuletee orodha zenyewe kama zilivyotajwa, pamoja na maneno waliyoona taabu kuamua kama yahesabiwe.